Kila Chakula na Salsa Yake

Kwenye vibanda vya taco vya Mexico City, mteja hapewi salsa moja tu. Mbele yake hupangwa bakuli kadhaa: ya kijani, nyekundu, ya kahawia iliyokoza, na mara nyingi moja ya nyanya na vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo. Mgeni huuliza ipi ni kali. Mwenyeji hutazama kwanza nyama iliyo kwenye taco yake, kisha ndipo huchagua bakuli. Mimi nipo upande wa mwenyeji. Ukali wa pilipili ni jambo la pili. La kwanza ni namna nyanya na pilipili zilivyoandaliwa kabla ya kufika mezani, na chakula chenyewe kimepungukiwa na nini: maji, uchachu, au ladha nzito ya moto.

Meksiko imekuwa ikitengeneza salsa tangu kabla Wahispania hawajafika. Katika karne ya 16 mtawa Bernardino de Sahagún, akisaidiwa na wenyeji Wanahua, aliandika habari za soko la Tlatelolco, na miongoni mwa wachuuzi aliowataja wamo waliouza michuzi ya pilipili, nyanya na mbegu za maboga. Vitunguu maji, vitunguu saumu, ndimu na kotimiri, ambayo Wakenya huiita dania, vililetwa na meli za Wahispania. Pilipili na nyanya zilisafiri kinyume chake, zikavuka bahari hadi zikafika pwani yetu. Ndiyo maana kachumbari ya Mombasa na pico de gallo ya Meksiko karibu zina viungo vilevile, ingawa kila moja ilizaliwa katika jiko lake.

Tuanze na hiyo pico de gallo, kwa kuwa msomaji tayari anaijua nusu. Ni nyanya, kitunguu, pilipili mbichi aina ya serrano au jalapeño, kotimiri, ndimu na chumvi, vyote vibichi. Tofauti kubwa na kachumbari ni mkato: huku kitunguu hukatwa pete nyembamba, kule kila kitu hukatwa vipande vidogo vya pembe nne ili kijiko kimoja kibebe ladha zote. Chumvi hutiwa mwishoni kabisa, kwani ikikaa huvuta maji ya nyanya, na baada ya saa moja bakuli huwa limejaa supu. Salsa hii ina kazi ya kuleta maji na ubaridi kwenye chakula kikavu na cha moto. Kwa hiyo hupendeza juu ya nyama ya ng'ombe ya kuchoma, na juu ya taco za samaki wa kukaanga za Baja California, ambapo unga uliokauka kwa mafuta unahitaji kitu kibichi cha kuulainisha. Kwenye nyama iliyopikwa kwa mchuzi mwingi haina la kufanya, huongeza maji penye maji.

Salsa ya kijani ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo isiyoeleweka sana nje ya Meksiko. Wengi hudhani imetengenezwa kwa nyanya ambazo hazijaiva. Hapana. Hutengenezwa kwa tomatiyo, tunda jingine kabisa, lililofunikwa ganda kavu na jembamba kama karatasi. Aliyekulia nyanda za juu za Kenya au Tanzania amewahi kuchuma ndugu yake porini: lile tunda dogo la njano linalokaa ndani ya kifuko. Tomatiyo ni kubwa zaidi, na ina uchachu mkali wenye harufu ya majani mabichi. Ukiimenya, ngozi yake hunata vidoleni, hivyo huoshwa kwa maji ya vuguvugu. Kisha hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka taratibu pamoja na pilipili za kijani, na hapo mpishi haondoki jikoni. Rangi huanza kuwa kijani angavu, halafu hufifia na kuwa kijani kilichochanganyika na manjano. Rangi ikififia tu, sufuria huondolewa motoni. Ukichelewa, ngozi hupasuka, maji huingia ndani na uchachu ule hutoka wote kwenda kwenye maji. Husagwa na kitunguu kidogo, kitunguu saumu na kotimiri. Ikipoa hugandamana yenyewe, kwa sababu tomatiyo ina pektini nyingi, ile ile inayogandisha jemu. Kijiko cha maji huirudisha hali yake.

Uchachu huo una shabaha moja: mafuta. Huko Michoacán nyama ya nguruwe hupikwa polepole ndani ya mafuta yake hadi iwe laini kwa ndani na yenye ukoko nje. Huitwa carnitas. Vipande viwili vya mwanzo ni vitamu sana, cha tatu kinakinaisha, isipokuwa pawe na salsa ya kijani, ambayo husafisha ulimi kila baada ya tonge. Asiyekula nguruwe ataupata uhusiano huohuo kwa mbavu za mbuzi mnono au kuku wa kuchoma mwenye ngozi. Salsa hiyohiyo ikipashwa moto hulowanisha vipande vilivyokaangwa vya tortiya, ile chapati nyembamba ya mahindi inayobeba nyama ya taco, vikaliwa asubuhi na jibini na yai. Hicho ndicho chakula kiitwacho chilaquiles. Tortiya ya kienyeji hutengenezwa kwa mahindi yaliyochemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na ladha yake ni tulivu na yenye utamu kidogo. Bila uchachu wa kuichangamsha huzama.

Nyekundu ni habari ya moto. Nyanya nzima, vitunguu saumu visivyomenywa na pilipili huwekwa kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, na kuachwa hadi ngozi ziungue kwa madoa meusi. Madoa hayo yasikwanguliwe yote, kwani humo ndimo ladha ilimo. Baada ya hapo husagwa kwenye molcajete, kinu kipana cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu. Utaratibu wa kusaga una maana: kwanza kitunguu saumu na chumvi, ambayo husaidia kusugua, kisha pilipili, na nyanya mwisho. Anayeanza na nyanya atakuwa anafukuza pilipili ndani ya maji bila kuipata. Mashine ya umeme hufanya kazi upesi, lakini huingiza hewa, na nyekundu hugeuka waridi yenye povu. Ukiitumia, bonyeza na kuachia, usiiache izunguke.

Salsa hii ndiyo mwenzi wa yai. Huevos rancheros, mayai ya kukaanga juu ya tortiya, humwagiwa nyekundu iliyopikwa, na kiini kinapopasuka huchanganyika nayo kuwa mchuzi mmoja. Zikitumika pilipili kavu kama guajillo au árbol badala ya mbichi, salsa huwa nzito zaidi na hufaa nyama iliyotiwa viungo vingi. Taco za al pastor ni mfano mzuri. Nyama yake huzungushwa kwenye mshikaki wa wima, ufundi ulioletwa Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni, na anayeijua shawarma ataitambua mara moja. Nyama ya kondoo iliyofukiwa shimoni usiku kucha, yaani barbacoa, huliwa na salsa ya kahawia ya pilipili za pasilla zilizolainishwa kwa pulque, pombe nyeupe ya mkonge wa huko.

Ukifika rasi ya Yucatán, nyanya hupungua na pilipili ya habanero inashika usukani. Hii ni jamii moja na pilipili mbuzi yetu, na harufu yake ya matunda ni ileile. Hukatwa nyembamba na kulowekwa kwenye juisi ya danzi pamoja na kitunguu chekundu, ikaliwa na nyama iliyookwa ndani ya majani ya mgomba. Hukohuko mbegu za maboga hukaangwa kavu, zikasagwa na nyanya zilizochomwa kuwa uji mzito uitwao sikil pak. Huo haumwagwi juu ya chakula, huchovywa. Mpishi wa Kiswahili anaweza kuutengeneza leo hii kwa vitu vya sokoni kwake, na ukipakwa kwenye muhogo wa kuchoma ni mlo unaotosha.

Kutoka Veracruz kuna salsa macha, isiyo na maji hata kidogo. Pilipili kavu, karanga, kitunguu saumu na mara nyingi ufuta hukaangwa kwa zamu katika mafuta, kisha hupondwa humohumo. Pilipili hukaa kwenye mafuta kwa sekunde chache tu, zikiwa nyeusi zimeharibika na zitakuwa chungu. Kwa kuwa yenyewe ni mafuta, usiipeleke kwenye nyama nono. Inapaswa kukutana na vitu vilivyonyamaza: samaki wa kuchemsha, maharage, yai, mboga za mvuke, hata wali mweupe.

Kuhusu ukali wenyewe, maneno machache yanatosha. Kapsaisini, kemikali inayowasha, hutengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu, si ndani ya mbegu. Kuondoa utando huo hupunguza makali bila kupoteza harufu. Na aliyezidiwa asikimbilie maji, kwani kapsaisini haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Maziwa au mtindi humsaidia haraka.

Salsa ya chupa wanayoichovyea chipsi za mahindi ni tawi la Marekani. David Pace alianza kuuza yake San Antonio, Texas, mwaka 1947, na kufikia 1991 mauzo ya salsa nchini humo yalikuwa yameipita tomato sosi kwa thamani ya fedha. Imechemshwa na kutiwa asidi ili idumu rafuni, na kwa chipsi zenye chumvi inafaa kabisa. Kasoro yake ni kwamba imewazoesha watu kudhani chombo kimoja kinatosha kwa kila sahani.

Za nyumbani hazidumu hivyo. Pico de gallo iliwe siku hiyohiyo. Ya kijani na nyekundu zilizopikwa hukaa siku tatu au nne kwenye friji. Salsa macha hukaa zaidi, mradi kitunguu saumu kimekaangwa hadi kikauke na chupa iwe kwenye friji, kwa sababu kitunguu saumu kibichi kikiachwa ndani ya mafuta kwenye joto la jikoni kinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha.