Swali Kwanza, Hojaji Baadaye

Kila mwaka, msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapofika, hunijia mwanafunzi ambaye Sura ya Tatu yake imekamilika na Sura ya Kwanza ni tupu. Bado hajui anachotaka kukijua, lakini anajua kwamba atagawa hojaji 200. Nikimuuliza kwa nini hojaji, hunitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini wali hupikwa kwa maji. Kwake yeye utafiti ni hojaji, kama vile kwa mwingine utafiti ni maabara na koti jeupe.

Mkanganyiko huu haukuishia vyuoni. Redioni tunaambiwa “utafiti umeonyesha”, na msikilizaji hapati kujua kama hao watafiti waliwahesabu watu, waliwafuatilia kwa miaka, waliwagawa kwa kura au waliketi nao wakazungumza. Hizo ni kazi nne tofauti, na kila moja ina swali inaloliweza na swali linaloishinda. Nitazieleza kwa kufuata swali moja lililopita mikononi mwa zote, tena sehemu kubwa ya safari yake ikawa hapa kwetu Afrika Mashariki: je, tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi?

Ramani mbili

Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walilinganisha ramani mbili za Afrika. Moja ilionyesha jamii zinazotahiri na zisizotahiri, nyingine ilionyesha maambukizi. Zilielekea kukubaliana: penye tohara nyingi, maambukizi yalikuwa machache. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, Nyanza wanakoishi Waluo, ambao kimila hawatahiri, imekuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi na ukimwi.

Ulinganisho wa namna hii ni wa haraka, na hutumia takwimu ambazo tayari zipo. Tatizo ni kwamba unalinganisha maeneo, wakati anayeambukizwa ni mtu. Nyanza ina ziwa, ina wavuvi wanaohama mwalo hadi mwalo na biashara ya samaki inayokutanisha wageni. Upande wa pili, wengi wanaotahiri ni Waislamu, na dini hiyo hiyo inayowaagiza tohara inawakataza pombe. Basi kinachokinga ni tohara, au ni mambo yanayoandamana nayo? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kila mkulima amewahi kutazama wingu zito likipita juu ya shamba lake bila kudondosha tone.

Umetahiriwa?

Hatua inayofuata ni kumfikia mtu mmoja mmoja: kumuuliza maswali na kumpima damu, kama zinavyofanya tafiti za kitaifa za afya. Hapa ndipo hojaji inapokuwa na kazi yake halali. Ukiteua kaya kwa bahati nasibu, ukauliza swali lile lile kwa namna ile ile, majibu ya watu elfu chache yanaweza kusimama badala ya nchi nzima.

Lakini tazama kilichotokea Lesotho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta kwamba kati ya wanaume waliosema wametahiriwa, karibu 23 kwa kila 100 walikuwa na virusi. Kwa waliosema hawajatahiriwa walikuwa 15. Ni kinyume kabisa cha zile ramani. Je, tohara inaongeza hatari? Baadaye watafiti waliwachunguza wanajeshi wa nchi hiyo kwa macho badala ya kutegemea maneno yao, na wakakuta kwamba wengi waliojitaja kuwa wametahiriwa walikuwa wamekatwa sehemu tu ya govi au hawakukatwa kabisa. Huko, aliyepita jando huhesabiwa kuwa ametahiriwa, kisu kiwe kimefanya kazi yote au la. Hojaji iliuliza juu ya mwili, ikajibiwa juu ya utu uzima.

Utafiti huu wa wakati mmoja una udhaifu mwingine: ni kama picha ya mnato. Unamwona mtu ametahiriwa na ana virusi, lakini huwezi kujua kipi kilitangulia.

Kuwafuata watu

Ili kujua kipi kilitangulia, inabidi uanze na wasio na virusi, uwafuate, ungoje. Jijini Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 1989 uliwaandikisha wanaume zaidi ya 400 waliokuja kliniki kutibiwa magonjwa ya zinaa na kuwafuatilia. Wasiotahiriwa waliambukizwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Huu ni utafiti wa ufuatiliaji, na kwa suala la nini kilianza kabla ya nini, unaushinda ule wa wakati mmoja.

Tafiti ziliendelea kurundikana, hadi ikahitajika njia nyingine, mapitio ya tafiti, ambamo mtafiti hakusanyi data mpya bali anazipima kwa mizani moja kazi zote zilizotangulia. Mapitio ya mwaka 2000 yalikusanya tafiti 27 za Afrika kusini mwa Sahara, yakaona tohara inaelekea kukinga. Mapitio mengine, ya mwaka 2003, yalikataa kutoa hukumu: ushahidi ulikuwa mwingi, lakini wote ulitokana na watu walioachwa kama walivyo. Waliotahiriwa na wasiotahiriwa walitofautiana kwa dini, kabila, elimu na mienendo, na hesabu haiwezi kuziondoa tofauti ambazo hakuna aliyezipima.

Kura

Kilichobaki ni jaribio lenye mgawanyo kwa kura. Mantiki yake anaielewa yeyote aliyewahi kuona vijana wakigawana timu uwanjani. Manahodha wakichagua, upande mmoja utajaa wachezaji wazuri. Ukipiga kura, tena kwa watu wengi, wazuri na wabaya husambaa pande zote mbili, na pamoja nao husambaa hata sifa ambazo mtafiti hakuwahi kuzifikiria. Ikitokea tofauti baadaye, mshukiwa anabaki mmoja.

Majaribio matatu yalifanyika: Orange Farm nchini Afrika Kusini, wanaume 3,274, Kisumu huko Nyanza, 2,784, na Rakai, Uganda, 4,996. Wote walikuwa hawajatahiriwa, na wako tayari kutahiriwa, na matokeo yalihesabiwa kwa wale ambao mwanzoni hawakuwa na virusi. Kura iliamua nani atatahiriwa mara moja na nani atasubiri hadi mwisho wa jaribio. Kila upande ulipewa ushauri, upimaji na kondomu, kwa sababu hairuhusiwi kumwacha mtu aambukizwe ili takwimu zipendeze. Kitu kimoja hakikuwezekana. Kwenye majaribio ya dawa, mgonjwa hufichwa asijue kama amepewa dawa au kidonge kisicho na kitu, lakini hakuna atakayetahiriwa bila kujua. Kwa hiyo ilibidi watafiti wafuatilie pia kama waliotahiriwa wameanza kujiachia kwa kudhani wamekingwa.

Huko Kisumu, baada ya miaka miwili, waliotahiriwa 22 walikuwa wameambukizwa, na waliosubiri 47. Kwa lugha nyingine, karibu wawili kwa kila 100 dhidi ya wanne kwa kila 100. Rakai na Orange Farm matokeo yalielekea huko huko. Majaribio yote matatu yalisimamishwa kabla ya muda wake, lile la Orange Farm mwaka 2005 na ya Kisumu na Rakai Desemba 2006, kwa kuwa tofauti ilikuwa bayana na haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha waliosubiri. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS wakapendekeza tohara iongezwe kwenye mbinu za kinga.

Tuangalie pia mipaka ya jibu hilo. Swali lilikuwa juu ya mwanamume asiye na virusi. Jaribio jingine la Rakai, lililochapishwa mwaka 2009, liliuliza kama kumtahiri mwanamume ambaye tayari ana virusi kunamkinga mwenzi wake wa kike. Halikuonyesha kinga hiyo. Anayetangaza kwamba “tohara huzuia ukimwi” amelibeba jibu la swali moja akalivisha maswali yote.

Yale ambayo kura haiyajui

Tuseme sasa una uhakika. Utamwambiaje Mluo atahiriwe? Kwa mila, kijana wa Kiluo aliingia utu uzima kwa kung'olewa meno sita ya chini, na kutotahiri ni sehemu ya kinachomtofautisha na majirani zake. Hakuna jaribio la kura linaloweza kukueleza hilo lina uzito gani.

Swali hili linaita utafiti wa kimaelezo: usaili wa ana kwa ana, majadiliano ya vikundi vidogo, kuketi na watu na kusikiliza. Watafiti walifanya hivyo Nyanza hata kabla ya matokeo ya jaribio kutoka. Watu walitaja hofu ya maumivu, gharama, na siku za kukaa bila kazi kidonda kikipona. Mila ilitajwa, ila haikuwa ukuta ambao wengi waliudhania. Kenya ilipoanza huduma hiyo kwa mpango rasmi mwaka 2008, wazee wa Kiluo walishirikishwa, na tohara ikaelezwa kuwa huduma ya kitabibu ya hiari, mbali na jando la mtu yeyote.

Wapo wanaoudharau utafiti wa aina hii kwa kuwa watu wake ni wachache. Lakini uchache huo hauna lengo la kuwakilisha nchi. Mtafiti wa kimaelezo huendelea kuongea na watu hadi hoja mpya zinapokoma kutokea, kwa maana anatafuta aina za sababu zilizopo. Ni wangapi wana kila sababu, hiyo ni kazi ya mwingine.

Nimkumbuke mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi, aliyekuja na hojaji zake 200 akitaka kujua kwa nini kina mama wa kata fulani hujifungulia nyumbani. Majibu ya kuchagua alikuwa ameshayaandika: umbali, gharama, mila. Nilimwomba aziache hojaji mezani kwangu kwa wiki tatu, akaketi na wakunga na akina mama wenyewe. Aliporudi alikuwa na sababu ambayo haikuwamo kwenye orodha yake. Baadhi yao waliona aibu kufika zahanati bila kanga mpya na nguo za mtoto. Alichukua hojaji zake, akaongeza kisanduku cha nne, akaenda kuzigawa.