Sahani ya Mja Mzito

Kijana anapoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wenzake, akajitenga na kuwashuku hata ndugu zake, mitaani kwetu husemwa kapandwa na jini. Wengine humgeukia mama wakamuuliza alimlea vipi. Twaliona swali hilo kuwa dhuluma. Maradhi hayo, yaitwayo skizofrenia, humpata takriban mtu mmoja katika mia. Sehemu kubwa ni ya kurithi, na baadhi ya mizizi yake huenda imeota mtoto angali tumboni.

Uholanzi ilitoa ushahidi wake kwa msiba. Mwishoni mwa 1944, Wajerumani walioikalia nchi hiyo walizuia chakula kuingia magharibi yake. Katika miji kama Amsterdam na Rotterdam mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Njaa ilikoma nchi ilipokombolewa, Mei 1945. Kwa kuwa mwanzo na mwisho wake vilijulikana, na daftari za vizazi zilihifadhiwa, watafiti waliweza kuwafuatilia waliotungwa mimba katika miezi mibaya kabisa. Katika miaka ya 1990, Ezra Susser na wenzake walionyesha kuwa watu hao walipatwa na skizofrenia kiasi cha mara mbili ya wengine. Uchunguzi wa Wuhu, China, uliotolewa 2005 kuhusu njaa kuu ya 1959 hadi 1961, ulifikia matokeo yanayokaribiana.

Mara mbili ya mmoja katika mia ni wawili, waliosalia walinusurika. Basi asitishike aliyetapika miezi mitatu.

Wala hatuifananishi saumu na njaa ya vita. Hata hivyo, sharia yenyewe imemruhusu mja mzito anayejihofia, au anayemhofia mwanawe, kula mchana wa Ramadhani, mavyaa asimsute. Linalotusikitisha zaidi ni la kila siku: nyumba ambamo mja mzito hupakua akala wa mwisho, samaki wakiwa wamekwisha kwenye sinia la wanaume. Vidonge vya madini ya chuma na foliki apewavyo kliniki havijazi pengo hilo.

Na kijana ambaye tayari anasikia sauti asomewe Kurani, na wiki hiyo hiyo apelekwe kwa daktari wa maradhi ya akili.