Ngome ya Kilwa na Miti ya Mikoko

Mtoto wa Swima huyajua mawimbi tangu utoto wake. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganika yalipanda mno, yakaingia katika nyumba za watu huko Uvira na Baraka. Mbali sana, katika Bahari ya Hindi, iko ngome ya mawe iliyopatwa na adui huyo huyo.

Ngome hiyo iko Kilwa Kisiwani, nchi ya Tanzania. Siyo Kilwa ya Ziwa Mweru, kule Katanga. Msafiri wa Swima huvuka ziwa mpaka Kigoma, hupanda gari la moshi mpaka Dar es Salaam, kisha hufuata barabara ya kusini mpaka Kilwa Masoko. Hapo hupata kibali, huingia mashuani, na safari iliyobaki ni fupi.

Wareno walikishambulia kisiwa mwaka 1505. Wakauteka mji, uliokuwa tajiri kwa biashara ya dhahabu, wakajenga ngome na kuiita kwa jina la Mtakatifu Yakobo. Jina lilikuwa jema, lakini kazi yao ya kwanza ilikuwa kupora. Mwaka 1512 waliondoka. Karibu na mwaka 1800 Waarabu wa Oman walijenga mahali pale ngome inayoonekana leo. Watu huiita Gereza. Neno hilo limetoka kwa Wareno, na kwao maana yake ni kanisa!

Ngome ilijengwa imzuie adui ajaye kwa merikebu. Lakini bahari yenyewe hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Ikijaa, mawimbi hupiga chini ya ukuta na kuchukua mchanga. Mchanga ukiisha, mawe hukosa pa kukaa, huanguka. Mwaka 2004 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa, liliyaandika magofu ya Kilwa katika orodha ya mahali penye hatari.

Kinga ya pwani ni mikoko. Mti huu huota katika maji ya chumvi, na mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu ya buibui. Wimbi likiingia humo huchoka, hutua tope lake, na pwani hushikamana. Kamba na samaki wadogo hujificha humo. Lakini mkoko hutoa nguzo imara na kuni zenye moto mkali, basi watu huukata. Serikali ya Tanzania imeifanya misitu yote ya mikoko kuwa hifadhi. Hakuna ruhusa ya kukata ovyo. Sheria hiyo ni ngumu kwa mama mwenye chungu mekoni na kuni hana.

Huko Kilwa watu walijenga kuta za kuzuia maji, wakapanda mikoko ufukoni. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ile. Mikoko haioti katika Ziwa Tanganika. Huko kazi ya kuchosha mawimbi hufanywa na matete, maadamu hayajakatwa.