Gari la magurudumu sita: Lilitamba 1976, tairi zikaliangusha

Wiki iliyopita nusura nizomewe hadi nyumbani. Tulikuwa kijiweni, stori za mbio za magari zimepamba moto, nami nikaropoka kwamba kuna gari la Formula One lililokuwa na magurudumu sita, na lilishinda. Mshikaji wangu mmoja, fundi magari anayejiheshimu, akaweka spana chini akanitazama kama mgonjwa wa malaria. "Sita? Hiyo si Fuso hiyo!" Kijiwe kizima kicheko. Tukawekeana dau: atakayeshindwa awanunulie wote soda. Tulikuwa watu saba, na mfuko wangu mnaujua. Basi leo naandika ili nisilipe.

Gari lenyewe ni Tyrrell P34. Mwenye timu alikuwa Ken Tyrrell, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara ya mbao, na karakana yake ilikuwa palepale kwenye yadi ya mbao huko Ockham, Surrey. Usidhani ni timu ya kubahatisha. Jackie Stewart alichukua ubingwa wa dunia wa 1971 na wa 1973 akiendesha magari yaliyotoka hapo.

Tatizo miaka hiyo lilikuwa injini. Karibu kila timu ya Uingereza ilinunua injini ileile, Ford Cosworth ya V8, lita 3. Sasa jirani yako ana injini kama yako na gia kama zako, utampitia wapi? Msanifu wa Tyrrell, Derek Gardner, akajibu: kwenye upepo.

Nifuatilie hapa taratibu, maana ndipo raha ilipo. Gari la mbio la kiti kimoja halina bodi ya kufunika magurudumu. Tairi za mbele zinasimama wazi na kupigwa na upepo kama ukuta. Sheria iliruhusu pua ya gari iwe na upana wa sentimita 150. Gardner akawaza: vipi nikitumia magurudumu madogo kiasi cha kujificha nyuma ya pua hiyo? Upepo utapita juu, gari litateleza. Lakini tairi ndogo inashika lami kidogo, kona haitakubali. Dawa yake? Weka mawili kila upande! Mbele yakawa manne yenye rimu za inchi 10, wakati wenzake walitumia za inchi 13, na yote manne yalikata kona pamoja na usukani. Nyuma yakabaki mawili makubwa ya kawaida.

Gari lilizinduliwa Septemba 1975 hotelini karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Jamaa walikuwa watundu: chini ya turubai walipachika vyuma vya kupinda, ili umbo lionekane la gari la kawaida. Turubai lilipotoka, waandishi wakabaki midomo wazi. Ningetoa nauli yoyote niwepo siku ile.

Dereva Patrick Depailler, Mfaransa, alilipenda mno. Mwenzake Jody Scheckter, Msauzi aliyezaliwa East London, hakulipenda kabisa. Hata hivyo kwa kuwa dereva ameketi nyuma ya pua na hayaoni magurudumu yake madogo, walitoboa vidirisha ubavuni mwa gari ili ayachungulie. Tairi ikianza kuisha, aione mwenyewe.

Mei 1976 lilianza mbio Hispania, Depailler akapanga wa tatu kwenye mstari lakini hakumaliza. Mwezi huohuo Monaco, Scheckter wa pili, Depailler wa tatu. Kisha tarehe 13 Juni, Anderstorp, Sweden. Yule Scheckter asiyelipenda akaanza wa kwanza, akamaliza wa kwanza, na Depailler nyuma yake wa pili! Mwisho wa msimu Scheckter alikuwa wa tatu duniani, Depailler wa nne. Gari la kuchekesha hilo?

Ila kuna jambo Gardner hakuweza kulitengeneza mwenyewe, nalo ni mpira. Tairi zote zilitoka Goodyear. Zile kubwa za nyuma zilitumiwa na timu nyingi, hivyo Goodyear waliziboresha kila mara. Zile ndogo za mbele zilimhusu mteja mmoja tu. Mwaka 1977, na Michelin wameingia mbioni na Renault, nani angehangaika na tairi za mteja mmoja? Nyuma ikazidi kushika lami, mbele ikabaki pale pale, gari likawa linakataa kukata kona. Breki ndogo za mbele nazo zilichemka.

Hapo wakafanya jambo linaloniuma mpaka leo. Ili gari lishike lami, walitanua mbele, magurudumu yakatokeza nje ya pua. Yaani yakarudi kwenye upepo uleule yaliyoundwa kuukwepa! Gari likawa zito. Scheckter alikuwa ameshahamia timu ya Wolf, na akashinda mbio yake ya kwanza huko. Ronnie Peterson, dereva hodari kweli, akarithi kiti na kuambulia nafasi ya tatu mara moja, Ubelgiji. Gardner aliondoka, na msimu wa 1978 Tyrrell wakaleta gari la magurudumu manne.

Wengine walijaribu sita pia. Williams mwaka 1982 walifanyia majaribio gari lenye manne nyuma, lakini kuanzia 1983 sheria ikasema manne tu, basi.

Ngoja, haijaisha. Miaka mingi baadaye kampuni ya Avon ilikubali kutengeneza upya tairi zile ndogo, safari hii za kisasa. P34 ikaingizwa kwenye mbio za magari ya Formula One ya zamani, na mwaka 2000 Martin Stretton akachukua nayo ubingwa.

Fundi wangu, najua unasoma. Mimi Stoney, ya baridi. Hao wengine waulize wenyewe.