Santuri iliyowahi siku mbili kabla ya mgomo

JUMANNE ya Desemba 30, 1947, wanamuziki wapatao 16 walikutana kurekodi nyimbo katika jiji la New York, Marekani, kwa niaba ya kampuni ya santuri ya RCA Victor. Kiongozi wao alikuwa Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta mwenye umri wa miaka 30. Walikuwa na nyimbo nne za kurekodi, na muda ulikuwa ukiyoyoma.

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilikuwa kimeamuru kwamba kuanzia Januari 1, 1948, mwanachama yeyote asirekodi santuri. Chama kililalamika kuwa santuri zilizochezwa redioni na katika mabaa ziliwapokonya wanamuziki kazi. Kampuni nazo zikakimbilia kurekodi zilichoweza kabla ya mwaka kwisha.

Gillespie alikuwa miongoni mwa vijana walioupa muziki wa jazi sura mpya iliyoitwa bibopu, muziki wa kasi na wenye noti ngumu. Wengi waliamini kuwa uliwafaa watu wanne au watano tu katika kilabu kidogo. Yeye alitaka upigwe na bendi kubwa. Isitoshe, alitaka ngoma za konga ziwemo.

Mpiga konga wake alikuwa Chano Pozo, mzaliwa wa Havana, Cuba, aliyelelewa katika mitaa ya maskini ambako ngoma zenye asili ya Afrika zilivuma. Mario Bauzá, Mcuba aliyewahi kupiga tarumbeta pamoja na Gillespie katika bendi moja, ndiye aliyewakutanisha. Chano hakujua Kiingereza. Wala hakujua kuandika noti za muziki.

Je, mtu kama huyo angewezaje kuitungia wimbo bendi ya watu 16?

Wimbo alikuwa nao kichwani. Mbele ya Gil Fuller, aliyeipangia bendi hiyo muziki, Chano aliimba kwa mdomo sehemu ya kila chombo: kwanza besi, kisha saksafoni, tromboni na tarumbeta. Fuller akaandika. Gillespie naye akatunga kipande cha katikati, ili wimbo upate mahali pa kupumua. Ukaitwa "Manteca", neno la Kihispania lenye maana ya mafuta ya nguruwe.

Safarini, ndani ya basi, Chano aliwagawia wenzake ngoma na kuwafunza mapigo. Gillespie alisimulia baadaye kuwa lugha haikuwatatiza, kwani Chano alizoea kusema kwamba wote wawili walizungumza Kiafrika.

Kurekodi siku hizo hakukuwa mchezo. Leo mwimbaji anaweza kurekodi sauti yake asubuhi, na mpiga gitaa akaja wiki ijayo. Wakati huo bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na upande mmoja wa santuri ya kawaida ulibeba takriban dakika tatu tu. Mmoja akiharibu, wote walirudi mwanzo.

Usikilizapo "Manteca" utasikia konga na besi zikitangulia, halafu saksafoni, tromboni na tarumbeta zikipanda moja juu ya nyingine, mpaka tarumbeta ya Gillespie inapolipuka. Wataalamu wengi huihesabu kuwa miongoni mwa nyimbo zilizooanisha kwa dhati jazi na midundo ya Cuba.

Siku mbili baadaye mgomo ukaanza, nao ukaendelea karibu mwaka mzima. Ulipomalizika katikati ya Desemba 1948, Chano hakuwepo tena. Alikuwa amepigwa risasi na kuuawa katika baa moja mtaani Harlem mnamo Desemba 2, akiwa na umri wa miaka 33. Hakurudi tena studio pamoja na bendi hiyo. Lau kikao kile kingeahirishwa kwa wiki moja tu, "Manteca" isingepata kurekodiwa studio na mikono ya mtunzi wake.

Gillespie aliishi hadi 1993. Alifika hata hapa Nairobi mwaka wa 1973, Kenya ilipoadhimisha miaka kumi ya uhuru.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utapata mwana si wako. Huenda babu yako kijijini ni fundi wa nyatiti, au shangazi anajua nyimbo za harusi ambazo hazijaandikwa popote. Kama Chano, amezihifadhi kichwani na mikononi. Nawe una simu mfukoni inayoweza kurekodi zaidi ya dakika tatu. Utakapokwenda nyumbani likizo hii, mwombe akupigie wimbo mmoja, nawe uurekodi.