Volteji Salama kwa Prosesa ya Zamani

Kila prosesa hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa kasi na volteji yake. Core i5-2500K, iliyotolewa na Intel Januari 2011, huanzia gigahezi 3.3 na hujipandisha yenyewe hadi 3.7. Herufi K huonyesha kwamba kizidisho chake, yaani namba inayopanga kasi yake, hakikufungwa. Kwenye ubao mama wenye chipu ya P67 au Z68, kizidisho hicho huweza kupandishwa kutoka 33 hadi 44, na prosesa ikafika gigahezi 4.4. Kinachoamua inaweza kufika wapi bila kuharibika ni volteji na joto.

Kasi inapoongezwa, transista hubakiwa na muda mfupi zaidi wa kuwaka na kuzimika. Volteji isipotosha, baadhi yake huchelewa, hesabu hukosewa, na kompyuta huganda au kujizima. Volteji ikipandishwa, transista huwahi, lakini joto hupanda. Umeme unaotumika huongezeka sambamba na kasi, na huongezeka kwa mraba wa volteji. Prosesa ikitolewa kwenye volti 1.20 na gigahezi 3.3 ikapelekwa kwenye volti 1.35 na gigahezi 4.4, kasi huzidi kwa theluthi moja, ilhali umeme unaogeuka joto huzidi kwa karibu asilimia 70.

Madhara ni ya namna mbili. Kwanza, mkondo mkubwa wa elektroni huzisukuma atomi za shaba katika nyaya nyembamba za ndani, kama mto unavyomega kingo zake, hadi waya ukatike au uguse wa jirani. Joto huharakisha uharibifu huo. Pili, volteji kubwa huchosha utando mwembamba wa kuhami ulio ndani ya kila transista, mpaka umeme uanze kuupenya. Yote mawili huenda polepole. Prosesa inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi mingi, kisha ikaanza kudai volteji kubwa zaidi kwa kasi ileile. Hiyo ndiyo dalili ya kuchakaa.

Kwa sababu hiyo, hakuna volteji moja iliyo salama kwa prosesa zote. Kwa kawaida, kadiri transista zinavyokuwa ndogo, ndivyo utando unavyokuwa mwembamba. Pentium 4 ya kizazi cha Northwood, ya nanomita 130, ilipangiwa takriban volti 1.5; mwaka 2002 wapenzi wa kompyuta waliozipeleka juu ya volti 1.7 walishuhudia nyingine zikifa ghafla. Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007, ya nanomita 65, ilipewa na Intel upeo wa volti 1.5.

Kwa 2500K, ya nanomita 32, maelezo ya Intel yanataja upeo wa volti 1.52. Hiyo si ruhusa ya kuiendesha hapo kila siku. Wazoefu wa kupandisha kasi kwa kawaida huishia kati ya volti 1.35 na 1.40 kwa matumizi ya kudumu, tena wakiwa na kipoza joto kizuri. Joto la viini likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia kasi ili kujilinda. Ni busara kulizuia chini ya nyuzi 80 wakati wa kazi nzito. Kumbukumbu ya DDR3 nayo ibaki kwenye volti 1.5 iliyokusudiwa, kwani kidhibiti chake kimo ndani ya prosesa hiyohiyo.

Kabla ya kuanza kupandisha kasi, vumbi husafishwa na krimu ya joto iliyokauka hubadilishwa. Volteji huwekwa kwa mkono katika BIOS, kwa kuwa mpango wa kujiendesha mara nyingi huipandisha kuliko inavyohitajika. Kizidisho huongezwa hatua moja moja, na kila hatua hujaribiwa kwa programu kama Prime95 huku joto likifuatiliwa. Volteji huongezwa kidogo kidogo pale tu kompyuta inapoyumba. Ikifika mahali hatua moja ya kasi inadai ongezeko kubwa la volteji, hapo ndipo pa kusimama na kurudi hatua moja nyuma. Volteji bora ni ile ya chini kabisa inayoiwezesha kompyuta kumaliza majaribio bila kosa.