Giboni Hujulikana kwa Sauti (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulimchunguza giboni wa mikono myeupe kwa umbo: hana mkia, ana uzito wa kilo 5 hadi 7 hivi, mikono yake ni mirefu kupita miguu, na uso wake mweusi umezungukwa na manyoya meupe. Leo nadai kwamba macho hayatoshi kumtambua. Huko Thailand wako walio weusi na walio na rangi ya majani makavu, madume kwa majike, tena ndani ya familia moja. Rangi haikuambii jinsia wala umri. Kitambulisho chake cha yakini ni wito wa asubuhi. Jike huanza kwa milio mirefu ya taratibu, akaipandisha hadi kileleni, kisha akaishusha, yote hayo kwa sekunde 20 hivi. Dume humwitikia kwa kifupi. Jirani yake, giboni wa kofia, ana mwenendo mwingine kabisa: jike huiharakisha milio mpaka ikafuatana upesi kama maji yanayotokota.

Wapo watakaopinga kwa kudai kwamba wito hufunzwa, na kinachofunzwa si alama ya kuaminika ya spishi. Pingamizi hili lina uzito, kwa maana ni kweli binti huimba sambamba na mama yake. Lakini katika hifadhi ya Khao Yai, Thailand, maeneo ya spishi hizi mbili hukutana, nazo huzaliana. Mwaka 1984 watafiti Brockelman na Schilling walionyesha kwamba majike chotara hawatoi wito wa mama aliyewalea. Wito wao huchanganya sifa za pande zote mbili. Kama wangekuwa wanaiga tu, wangeimba kama mama. Basi umbo la wito hurithiwa, na kuimba pamoja na mama ni mazoezi ya kitu ambacho binti amezaliwa nacho. Urithi huo haufuti tofauti ndogo za kila mmoja, ambazo sikio lililozoea huzibaini.

Ndiyo maana wanaohesabu giboni hutegemea masikio kwanza. Katika jimbo la Yunnan, China, watafiti waliomtafuta giboni wa mikono myeupe mwaka 2007 hawakusikia wito wake hata mmoja, wakahitimisha kwamba huenda ametoweka nchini humo.